Haidatidi mbili zisizo na undugu: uvimbe wa tegu na mimba zabibu

Mwanamke akitoka chumba cha ultrasaundi, iwe Moroto, Mbale au hospitali ya Mulago mjini Kampala, akiwa na karatasi yenye neno "hydatid", huenda amepatwa na moja kati ya mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Huenda ini lake limebeba mfuko wa maji uliojengwa na mtoto wa tegu, mnyoo wa mbwa. Au huenda alishika mimba, na mimba hiyo badala ya kukuza mtoto imekuza vifuko vya maji vilivyoshikana kama vishada. Ugonjwa wa kwanza ni wa minyoo na unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mwenyewe kujua. Wa pili ni wa uzazi, na ukishagunduliwa hausubiri msimu upite.

Kwenye karatasi ya kwanza huandikwa "hydatid cyst". Kwenye ya pili, "hydatidiform mole", yaani mimba zabibu. Herufi chache tu zinatenganisha magonjwa ambayo hayana chanzo kimoja, hayana dawa moja, wala hayapelekwi kwa daktari mmoja. Na kwa sababu faili za hospitali zetu Uganda huandikwa kwa Kiingereza, neno hilo hupita vinywa vingi kabla ya kufika nyumbani: musawo, yaani mhudumu wa afya, anamweleza mama kwa Kiswahili, mama anamweleza mume kwa Ngakarimojong au Lugisu, kijana wa nyumbani analiandika kwenye simu na kuletewa picha za mbwa na minyoo. Ndivyo mama aliyepoteza mimba anavyoweza kuambiwa kwamba ana minyoo tumboni, akapewa dawa ya minyoo, na kile kilichotakiwa kufuatiliwa kikaachwa.

Kufanana kwa majina kumetokana na macho ya watu wa kale. Wagiriki walikuwa na neno la lengelenge lenye maji, na waganga waliokuja baadaye walilibandika jina hilo kila kitu kilichokuwa na umbo la kifuko cheupe kilichojaa maji. Hawakuwa na darubini ya kutazama kilichomo ndani. Kwa muda mrefu wapo wasomi walioamini kwamba vile vifuko vinavyotoka kwenye kizazi ni viumbe hai, aina ya minyoo. Mkunga Mfaransa Marie Boivin ndiye aliyeandika mwaka 1827 kwamba vifuko hivyo ni sehemu ya mimba yenyewe, vinatokana na utando unaozunguka kijusi. Upande wa pili ulifumbuliwa miaka ya 1850, pale Mjerumani Carl Theodor von Siebold alipowalisha mbwa vifuko vilivyotolewa kwa kondoo, kisha akakuta tegu wadogo kwenye matumbo yao. Kufikia hapo ilikuwa wazi kwamba jina moja limeangukia vitu viwili. Majina hayakubadilishwa, na sisi tumeyarithi yalivyo.

Tuanze na lile la mbwa, maana linaigusa moja kwa moja Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda.

Tegu anayehusika anaitwa Echinococcus granulosus. Ni mdogo sana, milimita 2 hadi 7, na mbwa anaweza kuwa na maelfu yao utumbini bila kukonda wala kukohoa. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, yakasambaa kwenye majani, kwenye vumbi la manyata, kwenye maji ya bwawa ambalo watu, ng'ombe na mbwa wanalitumia kwa pamoja, na kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala pamoja na majani, yai huanguliwa utumbini, kiluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo na kusafiri kwa damu mpaka kwenye ini au mapafu. Hapo hujijenga kuwa kifuko cha maji. Siku mnyama huyo akichinjwa na ini lake lenye vifuko likatupiwa mbwa, mzunguko unakamilika.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya. Humeza mayai kwa mikono iliyomshika mbwa, au kwa maji na mboga zilizochafuliwa. Ni jambo la kushikilia vizuri: mtu hapati ugonjwa huu kwa kula nyama ya mbuzi mwenye vifuko. Nyama ile ni hatari kwa mbwa, kisha mbwa ndiye huwa hatari kwa mtu. Wala mgonjwa hamwambukizi mkewe, mtoto wake au anayelala naye chumba kimoja. Nimeona ni muhimu kulisema hili kwa sauti, kwa sababu mgonjwa mwenye tumbo lililovimba hutengwa upesi sana.

Wafugaji ndio wanaobeba mzigo mkubwa. Turkana, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, ilirekodi viwango ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na maisha ya Karamoja hayana tofauti kubwa na yale: mifugo ile ile inayovuka mpaka kutafuta malisho, mbwa wale wale wanaolinda zizi usiku, uhaba ule ule wa maji ya kunawa mikono. Virusi na bakteria wengi hufanya kazi kwa siku au wiki. Uvimbe huu hukua taratibu, mara nyingi sentimita moja hadi chache kwa mwaka, kwa hiyo mtoto aliyemeza mayai akiwa na miaka mitano anaweza kugundulika akiwa mtu mzima mwenye familia. Karibu wagonjwa 7 kati ya 10 huwa nao kwenye ini, na wengi wa waliobaki kwenye mapafu. Dalili hutegemea mahali: uzito na maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kuwa ya manjano pale uvimbe unapobana mirija ya nyongo, kikohozi na maumivu ya kifua. Uvimbe wa mapafu ukipasuka, mgonjwa anaweza kukohoa ghafla maji mengi yenye ladha ya chumvi.

Ndani ya uvimbe kuna maji meupe kama ya kisimani, na ndani ya maji hayo kuna chembe ndogo ambazo madaktari huziita mchanga wa haidatidi. Kila chembe ni kichwa cha tegu mtarajiwa. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Maji hayo yakimwagika tumboni kwa kuchomwa ovyo, kwa kipigo au kwa ajali ya bodaboda, mwili unaweza kupatwa na mzio mkali, presha ikaporomoka na mtu akafa kwa dakika chache. Akinusurika, chembe zilizomwagika zinaweza kuota vifuko vipya kote tumboni. Kwa hiyo uvimbe wa maji kwenye ini la mtu anayeishi na mifugo na mbwa hauchomwi sindano "tuone kuna nini" kwenye kiliniki ya mtaani. Wala hauchanjwi na mganga wa kienyeji.

Matibabu hutegemea hatua ambayo uvimbe umefikia. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameupanga katika hatua tano kwa jinsi unavyoonekana kwenye ultrasaundi, kuanzia kifuko kichanga chenye maji matupu hadi kile kilichokufa na kuwa kigumu kama chokaa. Kichanga na kidogo, chini ya sentimita 5, kinaweza kutibiwa kwa albendazoli peke yake. Kikubwa kinaweza kunyonywa kwa sindano maalumu chini ya ultrasaundi, dawa ya kuua chembe ikaingizwa na kunyonywa tena, mgonjwa akiwa tayari ameanza albendazoli na chumba kikiwa na dawa za kuzima mzio. Njia hiyo haitumiki kwa uvimbe wa mapafu. Vingine vinahitaji upasuaji. Na vilivyokwisha kufa, vikiwa havimsumbui mgonjwa, huachwa na kutazamwa mwaka hadi mwaka. Ndiyo, huachwa. Mgonjwa anayeambiwa na daktari "tutaangalia tu" hajapuuzwa.

Albendazoli yenyewe inaleta mkanganyiko mwingine, kwa kuwa kila mzazi Uganda anaijua. Ni ile ile wanayopewa watoto mashuleni na kwenye siku za afya ya mtoto, kidonge kimoja cha miligramu 400. Kidonge hicho kinatosha kwa minyoo ya utumbo. Uvimbe wa tegu hunywewa dawa mara mbili kwa siku, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtu, kwa miezi, huku damu na ini vikipimwa kwa sababu dawa kwa muda mrefu inaweza kuviathiri. Mwenye mimba changa hatakiwi kuitumia. Kumeza kidonge kimoja kila mwezi kwa matumaini kwamba uvimbe utayeyuka ni kujidanganya.

Sasa tugeuke.

Mimba zabibu, kama inavyoitwa kwa Kiswahili, haina mbwa, haina mayai ya tegu, haina mnyoo wa aina yoyote. Kosa hutokea saa ile yai la mwanamke linapokutana na mbegu ya mwanamume. Kwa kawaida kila upande huleta kromosomu 23, jumla 46, nusu za mama na nusu za baba. Katika mimba zabibu kamili, yai huwa limepoteza kromosomu zake. Mbegu moja huingia ndani ya yai hilo tupu na kujirudufu, au mara chache mbegu mbili huingia pamoja. Hesabu inafika 46, lakini zote ni za baba. Mtoto hawezi kujengeka kwa mpango wa upande mmoja. Kinachokua ni tishu za kondo la nyuma peke yake, nazo huvimba maji mpaka zikawa vifuko. Katika mimba zabibu nusu, yai ni zima lakini mbegu mbili zimeingia, hesabu ikawa 69. Hapo huonekana viungo vya kijusi au hata kijusi kizima, ila hakiwezi kuishi.

Nimeeleza hesabu hii kwa kirefu kwa makusudi. Familia inapoona vifuko vimetoka badala ya mtoto, maswali huanza: kalogwa na nani, alikula nini, alitembea na nani, dawa gani ya uzazi wa mpango imemharibu. Hakuna hata moja kati ya hayo. Mwanamke hakufanya kitu, na mume hana mbegu mbovu. Ni ajali ya kutungwa mimba, inayotokea kwa takriban mimba moja katika kila 1,000 kwa nchi nyingi zilizohesabu, zaidi kidogo barani Asia. Hatari huongezeka kwa wasichana wadogo sana na kwa wanawake waliovuka miaka 40. Aliyewahi kuipata mara moja ana uwezekano wa karibu 1 katika 100 kuipata tena, maana yake wengine 99 watashika mimba nyingine bila tatizo hili.

Mwanzoni huonekana kama mimba ya kawaida. Hedhi inakosekana, kipimo cha mkojo kinaonyesha mistari miwili, kichefuchefu kinaanza. Kisha hutokea damu ukeni, mara nyingi ya rangi ya kahawia, katika miezi mitatu au minne ya kwanza. Kutapika kunaweza kuwa kukali kupita kiasi. Tumbo linaweza kuwa kubwa kuliko miezi inayohesabiwa. Presha ya mimba ikipanda kabla ya wiki ya 20, mkunga mzoefu hufikiria mimba zabibu mara moja. Wengine moyo huwaenda mbio na mikono kutetemeka, kwa sababu homoni ya mimba ikizidi huisisimua tezi ya shingo. Na wapo wanaotoa vifuko vyenyewe, vyepesi, vinavyong'aa, vimeshikana kwa nyuzi. Ukiona hivyo, vibebe kwenye chombo safi uende navyo kituo cha afya. Vikipelekwa maabara, jibu hupatikana bila kubahatisha.

Matibabu ya kwanza ni kusafisha kizazi kwa kunyonya, hospitalini penye damu ya kuongezewa, kwa kuwa mimba hii hutoka damu nyingi. Mwanamke mwenye kundi la damu hasi anahitaji pia sindano ya kulinda mimba zijazo. Watu wengi hudhani kazi imeisha hapo, na moyo wangu huumia kila ninapofikiri ni wangapi wanaoambiwa tu "umesafishwa, nenda nyumbani". Kazi haijaisha. Kwa wanawake waliopata mimba zabibu kamili, takriban 15 hadi 20 katika kila 100 hubakiwa na tishu zinazoendelea kukua baada ya kusafishwa. Kwa ile ya nusu ni wachache zaidi. Tishu hizo zinaweza kuchimba ukuta wa kizazi, na mara chache zikageuka koriokasinoma, saratani inayokimbilia mapafu, ini na ubongo.

Kuzigundua ni rahisi: tishu hizo hutoa homoni ya mimba. Mama hupimwa damu kila wiki mpaka homoni iishe, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa. Ikishuka hadi kuisha, amepona. Ikisimama au kupanda tena, anahitaji dawa za saratani. Ndiyo sababu daktari humwomba asishike mimba nyingine katika kipindi hicho: mimba mpya nayo hupandisha homoni ile ile, na hakuna atakayejua kinachoendelea. Vidonge vya uzazi wa mpango vinafaa, kitanzi kisubiri mpaka homoni ishuke. Wakwe na mume wakielezwa sababu hii mbele ya mama, shinikizo la "mbona hushiki mimba nyingine" hupungua sana.

Na habari njema ipo, tena kubwa. Koriokasinoma ilikuwa miongoni mwa saratani za uvimbe za kwanza kabisa kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1956 madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz nchini Marekani waliripoti jinsi methotreksati ilivyoiyeyusha, hata ilipokuwa imesambaa mapafuni. Leo wanawake walio katika kundi la hatari ndogo karibu wote hupona, na wengi huzaa baadaye. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ndiyo mahali pa rufaa. Kutoka Moroto ni zaidi ya kilomita 400, na nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo mzito kwa mfugaji. Lakini kipimo cha kufuatilia homoni si lazima kifanyiwe Kampala. Maabara yoyote inayopima kiwango cha homoni kwenye damu inafaa, mradi iwe ile ile kila mara ili majibu yalingane.

Kuna maneno mengine mawili matatu ya jamii hii ambayo huwatisha watu bure. Ripoti ya upasuaji inaweza kutaja haidatidi ya Morgagni. Ni kijifuko kidogo cha kuzaliwa nacho, kwenye mrija wa uzazi wa mwanamke au juu ya korodani ya mwanamume, kimepewa jina la mwanatomia wa Italia. Kwa mwanamke kwa kawaida hakina madhara. Kwa mvulana kinaweza kujisokota na kuuma sana, na maumivu ya ghafla ya korodani yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mimba zabibu anaweza pia kuambiwa ana vifuko kwenye ovari zote mbili. Hivyo hutokana na homoni iliyozidi, na hunywea vyenyewe baada ya kizazi kusafishwa. Havihitaji kukatwa.

Halafu wapo wanaochanganya haya yote na tegu wa nguruwe, ambaye vifuko vyake vinaweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Huyo ni tegu mwingine. Kula nguruwe asiyeiva humpa mtu mnyoo mrefu utumbini, lakini vifuko vya ubongo hutokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huo. Hata asiyegusa nguruwe maishani anaweza kuvipata, ikiwa anayempikia hanawi mikono.

Kinga nayo inatengana. Uvimbe wa tegu unazuilika: mbwa wapewe dawa ya prazikwanteli angalau mara 4 kwa mwaka, ini na mapafu yenye vifuko yachomwe au yafukiwe kwa kina, mikono ioshwe baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula. Mimba zabibu haina kinga. Inayowezekana ni kugundua mapema, na hilo linaanzia kwa mjamzito kufanyiwa ultrasaundi mapema badala ya kungoja mwezi wa saba.

Pamoja na tofauti zote hizo, kuna mahali pamoja ambapo magonjwa haya mawili hukutana, nayo ni picha ya kifua. Mwanamke wa Karamoja anakohoa, eksirei inaonyesha kivuli cha mviringo kwenye pafu. Kwa nchi yetu wazo la kwanza ni kifua kikuu, na ni wazo halali. Lakini kivuli hicho kinaweza kuwa uvimbe wa tegu, na kinaweza kuwa koriokasinoma iliyotoka kizazini baada ya mimba iliyoharibika, au hata baada ya kuzaa salama, kwa kuwa takriban nusu tu ya saratani hizi hutanguliwa na mimba zabibu. Kukichoma sindano ni hatari kwa njia zote mbili: cha tegu kinaweza kumwaga maji na kuleta mzio, cha saratani hii kinaweza kutoka damu isiyozuilika. Kwa hiyo kabla ya sindano yoyote aulizwe maswali mawili, kama anaishi na mbwa na mifugo, na lini mara ya mwisho alishika mimba, hata ile iliyotoka. Na apimwe mimba. Kipimo cha mkojo kinapatikana kwenye duka la dawa, na kikionyesha mistari miwili kwa mwanamke ambaye ultrasaundi haioni mtoto, safari yake ni ya Mulago.